Fito za Mzee Vito

Jamani, leo nimejidhalilisha mbele ya ukoo mzima, na ukoo wenyewe ulikuwa unanitazama kwenye simu.

Mliokuwa kwenye ile simu, nyamazeni. Najua mmeshaanza kusambaza. Nyie wengine mliosikia nusunusu (eti nimechinja nguruwe wa Mzungu. Hapakuwa na nguruwe!) kaeni niwaeleze mwenyewe, kabla mdogo wangu Generose hajaongeza chumvi.

Vidole bado vina baridi. Nikikosea herufi mnisamehe.

Mnajua tulihama Louisville tukaja huku Buffalo mwaka jana, miti ikiwa imeshapukutika majani yote, baada ya mume wangu Deo kupata kazi ya zamu ya asubuhi kwenye ghala. Kule Louisville, mtaa wa Newburg, nilikuwa na kibustani changu nyuma ya apatimenti. Mwezi wa nne lengalenga, mchicha wetu wa nyumbani, zinachungulia ardhini. Huku? Mwezi wa nne theluji bado imelala kando ya barabara, nyeusi kama makaa. Na kila mtu ananipa onyo lilelile: usipande kitu nje mpaka mwisho wa mwezi wa tano.

Mwisho wa mwezi wa tano! Mtoto wa wakulima nikae ndani natazama ukuta?

Sikukubali. Nikachukua mbegu za maharage ya kwetu, yale yanayopanda juu, nikazitia kwenye vikopo vya mtindi, nikavipanga dirishani jikoni. Yakaota. Yakaota vibaya! Yakashika pazia, yakalipanda mpaka juu, yakaanza kuulizia dari. Deo akaniuliza kama siku hizi tunapikia shambani.

Ikabidi nitafute fito.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Vito. Ni jirani yetu wa nyumba ya pembeni. Mzee wa miaka themanini na kitu, wazazi wake walitoka Italia, mkewe alishafariki, anaishi peke yake. Kati ya uwanja wake wa nyuma na wetu hakuna uzio. Wiki ile ile tulipohamia alinikuta nimesimama natazama udongo wake kwa tamaa. (Ndiyo, udongo. Wengine mnatamani magari.) Akainama kwa shida, akachota udongo, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Nusu ya shamba hili chukua wewe. Mgongo wangu umegoma."

Tangu nifike Marekani nimepewa makoti, nimepewa sufuria, nimepewa kitanda. Udongo sijawahi kupewa. Nilimpenda mzee yule kama baba mzazi.

Wakati wa baridi akapasuliwa goti, na binti yake Carla akamchukua akauguzwe kwake. Juzi Carla akaniandikia kwamba baba anarudi nyumbani Jumamosi alasiri. Yaani leo. Nikajisemea, lazima nimfanyie mzee jambo. Asirudi na goti lake jipya akute bustani imejaa takataka.

Na takataka ilikuwepo. Pale kwenye kona, karibu na ukuta wa gereji, kulikuwa na kitu kimesimama. Kirefu kuliko Deo. Kimeviringishiwa zulia kuukuu, juu ya zulia magunia, juu ya magunia turubai, kimefungwa kamba toka chini mpaka juu, na kichwani kimevalishwa ndoo ya rangi kama kofia. Tulikikuta hivyo hivyo tulipohamia. Nimewahi kukisalimia mara mbili nikidhani ni mtu.

Kwa akili zangu zote, nikaamua: huyu ni mzee aliyeshindwa kubeba taka zake mpaka barabarani, akazisimamisha pale.

Leo asubuhi jua likatoka, jua la kweli. Nikamwita Mama Shukuru, Mkongomani anayekaa ghorofa ya chini yetu. Akatoka na glavu na kikombe cha kahawa.

"Mama Shukuru, hii tunaifanyaje?"

Akaizunguka. Akaipiga teke kidogo. "Bon. Ile ni takataka tu. Tuitoshe, tuitupe."

"Si tumuulize mwenyewe kwanza?"

"Donc unapigia mzee mgonjwa simu juu ya takataka? Achana naye, apumzike!"

(Hapo ndipo ningepiga. Hapo hapo. Simu ilikuwa mfukoni!)

Na simu nikaitoa kweli. Lakini si kumpigia mzee. Nikapiga simu ya video kwenye grupu la familia, ili muone jinsi Buffalo haikuniweza. Generose akapokea akiwa Columbus, yuko kwenye foleni ya duka la Waafrika pale Morse Road, amekumbatia unga wa muhogo. Shemeji Fabrice akapokea akiwa Louisville, yuko kitandani, ametoka kazini asubuhi. Wengine wakajiunga mmoja mmoja. Nikaiegemeza simu kwenye toroli ili wote muone vizuri.

"Karibuni kwenye kipindi cha kilimo," nikasema.

Nani alinituma?

Tukaanza. Ndoo ikatoka. Turubai likatoka. Magunia yakatoka, na buibui wao. Zulia lilipoanguka, yakamwagika majani makavu, gunia zima, na katikati yake yakatokea matawi yamefungwa pamoja kwa kamba kama mfungwa. Rangi ya majivu. Hayana jani hata moja. Lakini yamenyooka!

"Fito!" nikapiga kelele. "Mungu ameleta fito!"

Generose akauliza kwenye simu, "Dada, huo ni mti gani?"

"Mti uliokufa."

"Umejuaje umekufa?"

"Wewe mtu akiviringishwa zulia, akafungwa kamba, akavishwa ndoo kichwani, unadhani ni mzima?"

Mkacheka wote. Msikatae, mlicheka. Na kicheko chenu ndicho kilichonipa nguvu ya kuchukua msumeno.

Nikakata tawi la kwanza. Likatoka maziwa.

Si utani. Maziwa meupe, mazito, yakachuruzika mpaka kwenye kiatu changu. Mama Shukuru akashusha kikombe cha kahawa. "Mama Neema. Iko inatoka maziwa."

Na mimi, niliyezaliwa shambani, niliyekulia kambini Kigoma nikilima kiwanja kisichozidi mkeka, nikayatazama maziwa yale nikasema kwa sauti ya bwana shamba, "Ah, huo ni utomvu wa mwisho."

(Utomvu wa mwisho! Hakuna kitu kama hicho duniani. Nilikibuni pale pale!)

Nikaendelea. Nilikata matawi yote mpaka karibu na ardhi. Nikayachonga ncha kwa panga. Nikayachimbia kwenye ile nusu yangu, mstari mmoja ulionyooka, nikiyagongelea kwa jiwe mpaka yashike. Mama Shukuru akachimbia ya upande wake. Zulia, magunia na turubai tukavitupa kwenye pipa. Ndoo nikaiosha. Nikafagia. Jamani, ilipendeza! Shemeji Fabrice akasema, "Hapo ni Kasulu kabisa, kule kwetu kambini." Akasema Deo alioa mtu.

Nikiwa bado naogelea kwenye sifa hizo, nikasikia gari. Ni Carla na baba yake. Wamewahi!

Nikajipangusa mikono, nikafunga kitenge vizuri, nikakimbilia mbele kuwapokea. Simu nikaiacha kwenye toroli. Sikuikumbuka kabisa.

Mzee akashuka polepole na mkongojo wake. Amepungua, lakini aliponiona akatabasamu mpaka meno ya pembeni. Nikamwambia, "Njoo, njoo, nina zawadi yako." Nikamshika mkono, nikamwongoza nyuma ya nyumba. (Kwa mkono wangu huu huu. Sikuletewa msalaba, niliufuata mwenyewe.)

Akaingia uwanjani. Akatazama fito zilizojipanga. Tabasamu likabaki. Kisha akatazama kwenye kona.

Sijui niwaelezeje. Mdomo ulikuwa bado unatabasamu lakini macho yalishaondoka. Akatazama ile ndoo, safi, imefudikizwa. Akatazama kona tena, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chake akakuta ni chumba cha wengine.

Akasema kwa sauti ndogo sana, "Where is my fig?"

Sasa mimi Kiingereza changu ni cha ghala. Maboksi, zamu, mapumziko, hapo sina shida. Nilichosikia mimi ni "pig".

Nikamgeukia Mama Shukuru. "Anauliza nguruwe wake yuko wapi."

Mama Shukuru macho yakamtoka. "Nguruwe gani?"

"Sijui! Labda alikuwa humo ndani!"

"Mule ndani ya zulia? Yesu wangu! Miye sikuona nguruwe!"

Nikamgeukia mzee, nikainua mikono yote miwili kama mtu aliyesimamishwa na polisi. "No pig! Mzee, no pig inside!" Mama Shukuru naye akaitikia kama kwaya, "No pig! No pig!" Tukawa tunaapa, watu wazima wawili, kwamba hatujamgusa nguruwe wa mtu.

Carla akatutazama. Akamtazama baba yake. Kisha akatoa simu yake, akatafuta picha, akanigeuzia.

Kwenye picha ni kona ile ile, wakati wa joto. Kuna mti mkubwa, una majani mapana kama viganja, na chini yake Mzee Vito amesimama na mama mmoja wa nywele nyeupe. Mama yule ameshika bakuli. Bakuli limejaa matunda ya zambarau yaliyoiva mpaka yamepasuka.

Nikayatazama yale matunda. Nikayatazama majani. Ubongo ukawa unatembea taratibu kama basi kwenye theluji. Nimeyaona wapi haya majani? Kwenye kalenda ya kanisani. Hayo ni majani ya...

"MTINI!"

Si mimi niliyepiga kelele. Sauti ilitoka kwenye toroli. "Dada! Umekata mtini wa watu! Fig ni tini, si nguruwe!"

Generose! Simu ilikuwa hewani muda wote! Na nyuma ya Generose nikasikia foleni nzima ya Morse Road inauliza, "Amekata nini?" Na sauti ya Fabrice, yule yule aliyesema Kasulu kabisa, sasa anasema, "Mimi nilijua tu ule mti ni mzima."

  Nikataka kusema pole, nikachanganya Kiingereza, Kiswahili na Kirundi. 

Mzee akaketi juu ya ile ndoo.  

Carla ndiye aliyenieleza, taratibu, bila kunigombeza, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Mtini hauwezi baridi ya Buffalo. Ukiuacha wazi, unakufa. Kwa hiyo kila mwaka, majani yakishaanguka, baba yake anayafunga matawi pamoja, anayajazia majani makavu, anauviringisha mti zulia na magunia na turubai, halafu anauvika ndoo ili maji yasiingie juu. Babu yake Carla, yaani baba wa mzee, alifanya hivyo. Babu mwenyewe aliuleta toka Italia, kijiti kimoja tu cha urefu wa mkono, amekificha kwenye soksi yenye unyevu ndani ya sanduku.

Yaani lile halikuwa takataka. Lilikuwa koti. Nimemkuta mgeni mwenzangu amevaa koti lake la baridi, nikamvua, nikamkata miguu.

Mzee akasema akiwa anatazama chini, "Mke wangu alikuwa anakula tini zake pale pale, amesimama. Hata kuosha haoshi."

Nikapiga magoti. Matope na yote. Nikakutanisha viganja, nikaomba msamaha kama tunavyoomba kwetu. Mama Shukuru alipoona nimepiga magoti, naye akapiga, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti, "Baba wa mbinguni, rudisha hii mti!" Carla akadhani tunazimia, akakimbilia kuleta maji. Katika simu mtu mmoja akasema "Amina". Sijajua ni nani. Nitajua.

Mzee akatutazama pale chini. Akashika mkongojo, akanyanyuka. Nikasema hapa nafukuzwa. Akatembea polepole mpaka kwenye fito zangu, akaikamata ya kwanza, akaikwaruza ganda kwa ukucha wa dole gumba.

Chini ya ganda kukatokea kijani.

Akaenda ya pili. Kijani. Ya tatu. Akanigeukia. "Nani amezichonga hizi?"

"Mimi." Sauti ilitoka kama ya paka.

"Umezizamisha chini sana?"

"Sana, mzee. Kwa jiwe."

Akaanza kutikisika mabega. Nikajua mzee analia, nimemuua mzee wa watu. Kumbe anacheka! Anacheka kicheko kisicho na sauti, mpaka akashika fito asianguke, mpaka Carla akamfuata na ile glasi ya maji akamnywesha yeye.

Alipopata pumzi akanieleza. Mtini ndivyo unavyozaa mwingine. Unakata tawi, unalichimbia ardhini, linatoa mizizi. Baba yake alianza na kijiti kimoja. Na lile shina nililolibakiza kwenye kona litachipua tena toka chini. "Mimi nilikuwa na mti mmoja," akasema. "Wewe umenipandia msitu."

Mimi bado nimepiga magoti, sielewi kama nimesamehewa au nimerukwa na akili.

Akaendelea kukagua mstari. Alipofika upande wa Mama Shukuru akasimama, akainama, akatazama kwa makini. "Hizi zimepandwa kichwa chini."

Nikamtafsiria Mama Shukuru. Akainuka na matope yake magotini, amechukia. "Kichwa cha mti miye ningekijua namna gani? Iko na macho?"

Ikabidi azing'oe zote, moja moja, mzee amesimama juu yake na mkongojo, anamwonyesha vijicho vya tawi vinavyotazama juu. Ukoo unafuatilia kwenye toroli. Generose alishatoka kwenye foleni, amekaa chini dukani na unga wake, analia kwa kicheko.

Nilidhani yameisha.

Mzee akainua uso akatazama mbingu. Akaniuliza, "Unajua kwa nini nilikuwa sijaufunua bado?"

"Hapana, mzee."

"Usiku huu barafu inaanguka."

 Akaonyesha kwa mkongojo, toka fito ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha lile shina. "Zote. Zifunikwe. Uliwavua, utawavisha. Na baridi ikianza tena mwaka huu utazifunga mwenyewe, mimi nitakaa kwenye kiti nikikuelekeza."  Akaongeza kwa sauti nyingine, ya chini, "Na zisichelewe kuzaa. Mimi si kijana."

Hapo ndipo nililia kweli. Nikamwambia hazitachelewa. Sijui nina mamlaka gani juu ya mitini, lakini nilimwahidi.

Tukakimbilia kwenye pipa kurudisha magunia na zulia. Havikutosha, maana mti mmoja sasa umekuwa kijiji. Nikapanda juu kwangu, nikashusha mablanketi. Nikashusha mashuka. Nikashusha mataulo na soksi nene, tukazivalisha zile fupi. Bado fito za katikati ziko uchi. Nikafungua kabati la Deo.

Deo akatoka kazini, akaja moja kwa moja nyuma ya nyumba kunitafuta. Akakuta mke wake ana matope mpaka kiunoni. Mkongomani amekumbatia mwanasesere wa fito aliyevaa shuka. Mzee wa Kizungu amekaa kwenye ndoo anatoa amri. Na katikati ya bustani, mstari wa vijiti umevaa nguo, unamtazama.

Akaisogelea fito ya katikati. Akasema, "Mama Neema. Lile ni koti langu la kanisani?"

"Ndiyo."

"Kwa nini limevaliwa na mti?"

Kabla sijajibu, toroli likamjibu. Kwa pamoja. Toka Louisville mpaka Columbus.

Sasa hivi nawaandikia nimejifunga khanga mbili na kofia ya sufu, maana mablanketi yote yapo nje yanalala na mitini. Deo amevaa makoti ya kazini mawili, hasemi na mimi, anasema na maharage. Nawaomba kwa heshima na taadhima msicheke. Na atakayecheka, nimeshamwandika jina: tini zikiiva, huyo nitamtumia picha tu.